Shangazi Hakataliwi

Pakiti ilidondokea kifuani kwa marehemu baba yangu.

Jamani, sitanii! Baba amelazwa sebuleni, kavishwa suti yake ya kanisani. Kinamama wamejaa mpaka barazani wanaimba. Wawili wanakunjua mkeka mkubwa uliotoka kwa ndugu zetu wa ng'ambo, Auckland, ili watu wauone uzuri wake… kikadondoka kitu.

Pah!

Pakiti ya nailoni. Ndani yake vipande vyeupe, vinang'aa kama chumvi ya mawe.

Wimbo ukakatika katikati ya ubeti.

"Sukari hiyo?" bibi mmoja akauliza.

Haikuwa sukari. Mimi naitwa Kalolaine, na kazi yangu ni kuzunguka bandarini Nuku'alofa na mbwa wa kunusa. Kitu kile nakijua kuliko ninavyoijua chumvi ya jikoni kwangu.

Aisi.

Dawa ya kulevya, ile ile inayotumalizia vijana hapa Tonga. Ile ile inayoshusha watu meno, inayofanya mtoto amwibie bibi yake sahani za harusi. Ile ile iliyomtafuna mdogo wangu Lopeti miaka miwili, na ndiyo kwanza mwaka mmoja tangu aitapike.

Sasa imelala juu ya tai ya baba!

Nikapiga hatua moja. Nikasimama. Kwetu mtoto hagusi mwili wa baba yake. Serikali inanilipa mshahara kushika uchafu ule, na siku hiyo nilisimama mlangoni nimening'iniza mikono kama mgeni.

Aliyeinyanyua ni Shangazi.

Lazima niwaambie kuhusu Shangazi 'Ilaise, la sivyo mtanitukana mkidhani nilikuwa mjinga.

Yeye ni dada mkubwa wa baba. Kwetu hakuna mtu aliye juu ya shangazi. Baba yangu, mzee mzima mwenye wajukuu, alikuwa hanyanyui sauti mbele yake. Shangazi akimtamani nguruwe wako, wake. Akimtaka mtoto wako akamlee, unamfungashia nguo. Kaka yake akifa, yeye ndiye anakaa kichwani kwa maiti, na mwisho wa msiba mikeka mizuri yote inakwenda kwake.

Hakataliwi. Neno "hapana" mbele ya shangazi, mimi sikuwahi kulisikia tangu nizaliwe.

Na jingine. Mbwa wangu anaitwa Maka. Ananusa kila kitu kinachoshuka melini: mapipa ya zawadi, magari, makasha ya nyama za kopo, hata majeneza. Isipokuwa mikeka ya msiba. Mbwa akikanyaga mkeka wa kumfunikia maiti, hilo ni tusi ambalo familia italisimulia mpaka wajukuu. Hakuna aliyetuamuru. Tukiona tu furushi lina kitambaa cheusi tunavua kofia, namvuta Maka pembeni, mzigo unapita.

Mnaona walipopitia?

Mafurushi yaliyotoka Auckland yalikuwa matatu. Shangazi aliishika ile pakiti kwa vidole viwili, uso umekunjamana kwa kinyaa. Lakini mimi nilikuwa nautazama mkono wake mwingine. Ulikuwa unayasogeza yale mafurushi mawili nyuma ya mgongo wake, taratibu.

Kisha akaweka upepeo wake juu ya mafurushi hayo. Shangazi akiweka upepeo juu ya kitu, hata kuku hakisogelei.

"Lopeti," akasema.

"Tumwite?" mtu akauliza.

"Kaeni. Namfuata mwenyewe."

Watu wakaguna. Shangazi kuondoka kichwani kwa maiti! Na kwenda wapi? Jikoni nyuma, kwenye mashimo ya moto, wanakokaa wa chini kabisa msibani. Na wa chini kabisa msibani ni sisi watoto wa marehemu.

Nikamfuata. Nikasimama nyuma ya tangi la maji.

Lopeti alikuwa anafukua viazi vikuu. Amejifunga mkeka mkuukuu mpaka kifuani, vazi letu la maombolezo, majivu mpaka kwenye kope. Alipomwona Shangazi akapiga magoti palepale.

"Lopeti."

"Naam, Shangazi."

"Ulipokuwa umeoza na ile takataka, nani alikufungia chumbani kwake akakulisha kwa kijiko?"

"Ni wewe, Shangazi."

"Nani alikufulia matapishi?"

"Wewe."

"Basi leo nina ombi."

"Sema tu, Shangazi."

"Imeanguka pakiti mle ndani. Polisi watauliza ni ya nani. Utasema ni yako."

Lopeti akanyanyua macho.

"Ni ya nani, Shangazi?"

"Mimi nakuomba, wewe unaniuliza?"

"Nisamehe, Shangazi."

"Uliificha mwenyewe mzigo ulipofika. Furushi moja tu, mengine huyajui. Umenielewa?"

Lopeti akafuta majivu machoni. Akatazama upande wa barazani, alikokuwa anacheza Pele, binti yake wa miaka sita. Mama yake Pele alishaondoka zamani. Yule mtoto hana mtu mwingine ila Lopeti.

Kwa pakiti kama ile, hapa kwetu mtu anaweza kutoka gerezani mwanawe keshakuwa na watoto.

"Sawa, Shangazi," akasema.

Nyie, nilitapika. Nilishika tangi, nikatapika chai yote ya asubuhi. Aibu haikunijia, wala woga. Kilichonijia ni kinyaa, kile cha kufungua chungu cha chakula cha jana ukakuta funza.

Inspekta Sosaia Vake wa kikosi cha dawa alikuwepo msibani. Alikuwa nje na wanaume wenzake kwenye mduara wa kava, kinywaji chetu cha mizizi, maana alisoma na baba. Aliitwa, akaja anafuta mdomo. Lopeti akamnyooshea mikono.

"Ni yangu, Afande."

"Yako?"

"Yangu."

"Mkeka umetoka Auckland, wewe uko hapa. Umeiweka saa ngapi?"

"Mzigo ulipofika jana. Niliificha humo."

"Na mafurushi mengine?"

"Ni hilo tu."

Watu wakaanza.

"Nilijua! Teja ni teja tu!"

"Hata baba yake hajaoza!"

"Mpumbavu huyu, kwenye maiti ya mzazi wake?"

Mmoja alimtemea mate. Mate yakatua kwenye mkeka wake wa maombolezo, na Lopeti hakuyafuta.

"Afande, si yake!" nikapiga kelele. "Si yake, nimesikia mwenyewe kwa—"

Mkono ukanidaka. Mama.

"Kalo, kaa chini."

"Mama, nimesikia!"

"Hujasikia kitu! Mume wangu bado yuko juu ya ardhi, unataka umvue nguo dada yake mbele za watu?"

"Wanamchukua Lopeti, Mama!"

"Namwona," akasema, machozi yanamtiririka. "Kaa chini."

Nikakaa. Wakamchukua.

Inspekta Vake nilimpata pembeni ya gari, nikamweleza yote. Akanisikiliza, akashusha pumzi.

"Kalolaine, nakuamini. Lakini nina nini mkononi? Kijana aliyekiri, na dada anayemtetea."

"Kuna mafurushi mawili chini ya upepeo wake!"

"Na mwili uko hatua mbili kutoka hapo. Nikiingia nikamwinua dada wa marehemu kabla ya maziko, kijiji hiki hakitanisamehe, na wewe pia utanilaumu kesho. Hatakwenda nayo popote, kinamama wamemzunguka mpaka siku ya kugawa. Niletee kitu kimoja cha kushika."

Sikuwa na kitu. Nikarudi ndani.

Alasiri ikafika zamu ya kukatwa nywele. Baba akifa, watoto wake wanakatwa nywele, na anayekata ni… haya, nadhani mshajua.

Nywele zangu zilikuwa zinafika kiunoni. Nikapiga magoti, nikampa mgongo. Akazishika kwa nguvu, mkasi ukanigusa shingoni. Kinamama wanaimba, hakuna anayetusikia.

"Tulia, nisikuchubue."

"Ni ya Semisi, siyo?"

Semisi ni mwanawe. Anaishi Auckland, ana gari mbili na mnyororo wa dhahabu kama kamba ya ng'ombe.

Mkasi ukasita. Kisha… krrch.

"Semisi ana watoto wanne," akasema.

"Na Lopeti ana Pele."

"Pele nitamlea mimi."

Nikataka kugeuka, akanirudisha kichwa.

"Shangazi, wanaweza kumfunga mpaka azeeke!"

"Lopeti watu walishamzoea hivyo. Haitamuuma sana."

Krrch.

Rudieni kusoma hapo, wapendwa. Haitamuuma sana! Kijana aliyejikokota mwaka mzima kutoka kaburini, akarudi kupuliza tarumbeta kwenye bendi ya kanisa, watu wakaanza tena kumpa mkono… eti haitamuuma!

"Wiki ya maombi dhidi ya aisi nani aliongoza?" nikamnong'oneza. "Ulisimama mbele ukalia mpaka mchungaji akakushika!"

"Nililia kweli."

"Ulikuwa unalia nini?"

"Inamisha kichwa, nimalizie hapa nyuma."

Alipomaliza alizikusanya nywele zangu, akazifunga kwenye kitambaa, akanibusu utosini. Busu la mapenzi kabisa! Kinamama wakasema "ooh" kwa huruma. Mimi nilikwenda bombani nikajisugua kichwa na sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawasha.

Tukamzika Jumamosi. Bendi ilipiga. Lopeti alimzika baba yake akiwa kiti cha nyuma cha gari la polisi, nje ya uzio wa makaburi, mkono mmoja umefungwa kwenye chuma cha kiti.

Tulipotoka makaburini simu yangu ikalia. Lavinia, binti wa baba mdogo, yuko Auckland.

"Dada Kalo, poleni sana, nimeona picha za maziko mtandaoni. Lakini mbona mmemweka Baba Mkubwa muda mrefu hivyo?"

"Muda gani? Amefariki Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Hii, Lavinia. Jumanne hii iliyopita."

Nikasikia anafunga mlango upande wa pili.

"Lavinia?"

"Dada Kalo… sisi tumemlilia wiki mbili zilizopita."

Nikasimama katikati ya barabara.

"Unasemaje?"

"Shangazi alimpigia Semisi. Akasema Baba Mkubwa amefariki, tuwahi kutoa mikeka, meli inaondoka. Kanisa zima tulikaa matanga. Mimi nilitoa mkeka wa harusi yangu! Semisi akaifunga mwenyewe gerejini kwake, akatukataza tusimsaidie."

"Mbona hamkunipigia mimi?"

"Tulikatazwa! Alisema umechanganyikiwa, usipigiwe simu. Na tusiandike kitu mtandaoni mpaka mtangaze wenyewe."

Wiki mbili zilizopita baba yangu alikuwa wodini anakula tikiti maji. Alikuwa anamtania nesi kwamba akipona atamchumbia.

Msome taratibu hapa, maana hata mimi ilinichukua muda kumeza.

Baba alikuwa na sukari, na kidonda cha mguu kilishaharibika. Daktari alitaka kuukata. Shangazi akasimama pale wodini akasema, "Kaka yangu atakwenda kwa Mungu na miguu miwili." Hakuna aliyefungua mdomo. Mimi sikufungua, Mama hakufungua. Baba mwenyewe alitazama ukuta. Daktari akamwita Shangazi koridoni, wakazungumza, akarudi akasema tumwachie Mungu.

Nilimkuta Mama ameketi kitandani kwa baba, kashika mto.

"Mama, daktari alimwambia nini Shangazi kule koridoni?"

"Yamepita hayo, mwanangu."

"Mama!"

"Alisema bila kukata, atakaa kama wiki mbili hivi. Nilikuwa nyuma ya mlango."

"Halafu Shangazi akafanya nini?"

Mama akafikiri.

"Alitoka nje kupiga simu."

Nikamwambia maneno ya Lavinia. Mama hakulia. Aliuweka ule mto chini, akaunyoosha vizuri, akakaa anautazama. Kisha akasema kitu ambacho sikutegemea kukisikia kwenye kinywa chake.

"Nenda kwa Lopeti."

Mnaelewa kilichotokea? Meli inachukua siku zake. Mikeka ya msiba hainuswi na mbwa. Lakini mshika mbwa ni mimi, na mimi najua kama baba yangu yuko hai au amekufa! Furushi lenye jina lake lisingenipita baba akiwa anakula tikiti maji. Ilibidi msiba uwepo. Kwa hiyo msiba ukapangwa uiwahi meli.

Sijui kama alimwua. Sijui tuliite jina gani. Najua tu kwamba alisimama kwenye simu akamtangaza kaka yake maiti, kisha akarudi wodini akamrekebishia shuka.

Polisi waliniruhusu kumwona Lopeti. Nilipoingia, akageuka akatazama ukuta. Msishangae, ndivyo tulivyolelewa. Kaka na dada kwetu hawatazamani machoni, hawakai chumba kimoja kuzungumza mambo machafu. Miaka yote miwili aliyokuwa anavuta ule uchafu, sikuwahi kumtamkia hata neno lake. Nilikuwa naacha chakula mlangoni na kuondoka.

Nikaongea na mgongo wake.

"Lopeti, nilikuwa nyuma ya tangi. Nilisikia."

"Basi usiseme."

"Futa maneno yako."

"Siwezi. Nilishamwambia Shangazi sawa."

"Na Pele?"

Akauegemeza uso ukutani.

"Dada, nikimkatalia Shangazi mimi ni nani tena? Alinilisha kwa kijiko. Wewe unajua nilivyokuwa nanuka?"

"Sikia kwanza."

Nikamwambia. Simu. Matanga ya Auckland. Wiki mbili. Koridoni. Sikuongeza chumvi, haikuhitajika.

Akaanza kuukwaruza ukuta kwa ukucha.

"Shangazi aliniambia Baba mwenyewe ndiye aliyekataa kukatwa mguu," akasema.

"Baba hakuulizwa, Lopeti. Nilikuwepo."

Akaanza kukohoa, kumbe anatapika. Alitapika kwenye ndoo ya selo, amepiga magoti, na mimi dada yake nikaingiza mkono kwenye nondo nikamshika mgongo. Sikuwahi kumgusa mdogo wangu tangu tukiwa watoto.

Akageuka. Akanitazama machoni.

"Mwite Afande."

Inspekta Vake alizungumza na Lavinia mwenyewe kwenye simu, kisha akawaomba polisi wa Auckland wamfuatilie Semisi. Akaniuliza, "Kugawa mikeka ni lini?"

"Jumatatu. Kesho ni Jumapili, hakuna kinachotembea."

"Basi Jumatatu nitakuja niyafungue mafurushi."

"Ukifungua wewe watasema umeweka wewe," nikamwambia. "Nitakuja na Maka."

Alinitazama kama niliyemtukana.

"Juu ya mikeka?"

"Juu ya mikeka."

Jumatatu uwanja wa nyumba yetu ulitandazwa mikeka kutoka mlangoni hadi getini. Shangazi amekaa mbele kabisa, mweupe wa poda, rundo lake limemzunguka, upepeo bado uko palepale. Mchungaji anashukuru. Mimi nikaingia getini na nywele zangu za kukatwa, mkeka wa maombolezo kifuani, na mbwa mkononi.

"Yesu wangu! Mbwa!"

"Kalolaine! Umerogwa?"

"Mtoeni! Mtoeni mtoto huyu!"

Wajomba wawili wakanijia. Sikuwa na nguvu za kushindana nao. Ndipo nikasikia sauti nyuma yao, na sikuitambua mwanzoni, maana sauti hiyo sikuwahi kuisikia ikiwa juu.

"Mwacheni apite!"

Mama! Mama yangu, mke tu kwenye ukoo ule, mtu wa kupakua chakula na kula mwisho! Amesimama katikati ya uwanja, mwiko mkononi.

"Nimesema mwacheni. Mume wangu huyo mliyemzika, mikeka hiyo ni ya kifo chake. Mwacheni apite!"

Wakaacha.

Shangazi hakusimama. Alitabasamu, akazungumza kwa upole, yaani upole wa asali kabisa.

"Kalolaine, mwanangu. Una uchungu. Mimi shangazi yako nina ombi moja tu. Mtoe mbwa."

Uwanja mzima ukanigeukia. Hata watoto.

Nataka niwaambie ukweli. Mwili ulianza kugeuka wenyewe kurudi getini. Miaka yote ya kufundishwa "ndiyo Shangazi, sawa Shangazi" ilikuja kunivuta miguu. Nikaikaza kamba ya Maka.

"Hapana, Shangazi," nikasema.

Mwanamke mmoja akapiga ukunga.

Nikaachia kamba. Maka akapita juu ya mikeka na miguu yake ya udongo, ananusa, anapita, ananusa. Akamzunguka Shangazi. Akausukuma upepeo kwa pua ukaanguka. Akaketi. Akanigeukia anatikisa mkia, anasubiri mpira wake kama kawaida ya kazini.

Inspekta akakunjua furushi la kwanza. Pah, pah, pah. La pili. Sikuendelea kutazama, nilikuwa namtazama yeye.

"Za Lopeti hizo!" Shangazi akapaza sauti. "Alikiri mwenyewe!"

"Lopeti amefuta kauli, Mama," Inspekta akasema. "Na Semisi amekamatwa Auckland leo asubuhi."

Poda ikaanza kupasuka usoni.

"Semisi hajui lolote! Mwanangu hajui lolote!"

"Amezungumza, Mama."

"Amesema nini?"

Inspekta akavua kofia, nadhani kwa mazoea tu.

"Amesema yeye alikuwa anafunga mizigo. Ya kwake ni kufunga tu. Mpango wote anasema ni wa mama yake, na misiba mitatu ya nyuma waliyopitishia mzigo alichagua mama yake."

Misiba mitatu!

Watu wakaanza kutazamana, kila mmoja anahesabu wafu wake. Mjane wa katekista akaanza kupiga kelele, "Na wa mume wangu? 'Ilaise, na wa mume wangu?"

Shangazi alikuwa anamtazama Inspekta tu. Mdomo ulikuwa wazi. Alimtoa mtoto wa kaka yake akafungwe badala ya mwanawe, na mwanawe kamuuza kabla hata hajanywa chai ya asubuhi.

Mngedhani ningefurahi. Nilisikia kinyaa tu, kwa wote wawili.

Shangazi amefungwa, Semisi anasubiri kesi kule kwao. Lopeti alipewa onyo kwa kuwadanganya polisi, akarudi nyumbani, bendi imempokea. Kuhusu mguu wa baba, hakuna kesi. Nilimwuliza wakili. Akasema kukataza mtu asikatwe mguu si kosa, familia hufanya hivyo kila siku. Nikamshukuru nikatoka.

Na kijiji? Mnadhani kijiji kimenipa nishani?

Kila wiki kinamama wanampelekea Shangazi gerezani nyama na majani ya magimbi, yamepikwa kwa tui zito, yeye kwanza kabla ya waume zao. Mimi naitwa "yule wa mbwa." Kanisani benchi langu nakaa na Mama peke yetu, na tunajinyoosha vizuri.

Juzi Pele alikuwa kwangu. Kanunuliwa andazi moja, kalishika kwa mikono miwili, bado la moto. Kwa Pele mimi ni nani? Ni dada wa baba yake. Mimi sasa ndiye Shangazi.

"Pele, nipe hilo andazi."

Akanipa. Palepale, bila kusita, macho yamejaa maji.

"Ulikuwa unalitaka?"

Akatikisa kichwa ndiyo.

"Sasa kwa nini umenipa?"

"Shangazi hakataliwi."

Nikachuchumaa mbele yake. Nikamrudishia.

"Nitakuomba tena. Safari hii sema hapana."

"Siwezi."

"Jaribu. Pele, nipe andazi."

Akanipa tena. Nikamrudishia. Tulifanya hivyo mpaka andazi likapoa, mpaka yeye akaanza kulia, na mimi nikaanza kulia. Mwishowe akalificha nyuma ya mgongo, akafumba macho akisubiri kofi.

"Hapana, Shangazi."

Hakupata kofi. Akafumbua jicho moja, akaona niko palepale nacheka, akakimbilia uani akalila lote mwenyewe.

Wewe unayesoma, na kwenu yuko mtu asiyekataliwa. Anaweza kuwa shangazi, mchungaji, kaka mkubwa anayesomesha watu, usinitajie. Wafundishe watoto wako kumwambia hapana leo, kwenye mambo madogo ya andazi. Siku ombi lake litakapokuwa chafu hawatapata muda wa kujifunza.